Sola juu ya paa la nyumba yako England: kibali kipi unahitaji na kipi huhitaji, hatua kwa hatua

Nyumba nyingi za England hazihitaji kibali cha mipango miji ili zifungwe paneli za sola. Nalitanguliza hilo kwa sababu kuna watu wanaoiacha sola kwa hofu ya makaratasi tu, huku bili ya umeme ikiwamaliza, na wapo wanaolipa pesa waombewe kibali ambacho sheria haikuwadai. Hatari iko upande wa pili pia. Mtu anaambiwa na muuzaji kwamba hapa hakuna haja ya kibali, anaweka sahihi, paneli zinapanda juu, kisha inaingia barua ya halmashauri. Barua hiyo haiendi kwa muuzaji. Inakuja kwa mwenye nyumba, na ndiye atakayetakiwa kuzishusha.

Kwa hiyo anza na jengo, paneli zitafuata. Kabla hujaomba bei kwa fundi yeyote, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Yote nitakayoeleza ni ya England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina kanuni zake, na vipimo vinatofautiana. Ukiwa Glasgow au Cardiff usitumie namba za hapa.

Hatua ya 1: Jua paa ni la nani

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayokwamisha wengi kuliko sheria yoyote ya mipango. Halmashauri haiulizi kama paa ni lako. Sheria inaweza kuruhusu paneli juu ya jengo la fleti kama inavyoziruhusu juu ya nyumba ya kawaida, lakini ruhusa hiyo haikupi haki juu ya mali ya mtu mwingine.

Ukimiliki fleti kwa mkataba wa leasehold, yaani umiliki wa muda juu ya mali ya mwenye ardhi, karibu kila mara paa si lako. Ni la mwenye ardhi, na unahitaji idhini yake ya maandishi. Baadhi ya nyumba za kawaida pia ziliuzwa kwa leasehold, hasa kaskazini-magharibi mwa England, kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa huna jirani juu yako basi paa ni mali yako. Mpangaji wa mtu binafsi, wa halmashauri au wa shirika la nyumba lazima aanze na mwenye nyumba.

Mwenye freehold, anayemiliki nyumba pamoja na ardhi yake, naye asome hati yake. Nakala ya hati hupatikana kwenye tovuti ya Land Registry, ofisi ya usajili wa ardhi, kwa ada ndogo. Nyumba za mitaa mipya mara nyingi huuzwa na masharti ya mjenzi, kwa mfano kwamba usibadilishe sura ya nje bila idhini yake. Masharti hayo hayahusiani na halmashauri hata kidogo. Unaweza kuwa umetimiza kila kanuni ya mipango miji na bado ukawa umevunja mkataba ulioutia sahihi siku uliponunua nyumba. Soma ukurasa kwa ukurasa, na ukikuta sharti la namna hiyo, andika barua ya kuomba idhini kabla ya kulipa arubuni.

Hatua ya 2: Hakikisha jengo halimo kwenye orodha ya taifa

Historic England ndiyo inayotunza orodha ya majengo yenye thamani ya kihistoria, yale yanayoitwa listed buildings. Orodha iko mtandaoni, ni bure, na unaweza kutafuta kwa anwani au kwa ramani. Ina majengo kama 400,000, na usifikirie makasri na makanisa peke yake: zaidi ya tisa katika kila kumi yako daraja la II, na humo mna nyumba za kawaida kabisa za familia, zimejipanga mstari mmoja mtaani na watu wanalala humo kila siku.

Jengo likiwa kwenye orodha, huwezi kufunga bila kuomba. Unahitaji idhini maalumu ya jengo la kihistoria, na huenda ukahitaji kibali cha mipango pia. Hili si suala la faini ndogo. Chini ya sheria ya mwaka 1990 ya majengo hayo, kufanya kazi inayoathiri tabia ya jengo bila idhini ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili au faini isiyo na kikomo. Halafu halina muda wa kupitwa: halmashauri inaweza kudai marekebisho hata baada ya miaka ishirini, na hata kwa mmiliki mpya ambaye hakuzifunga yeye.

Banda au gereji iliyomo ndani ya kiwanja cha jengo la orodha nayo inahitaji kibali. Wengine huona ujanja kuziweka paneli kwenye banda la nyuma ili kuikwepa nyumba kuu. Ujanja huo sheria imeshauziba.

Lakini kuwa kwenye orodha si kukataliwa. Idhini hutolewa, hasa paneli zikiwekwa upande wa nyuma usioonekana, au zikifungwa bila kukata mbao za zamani na zikaweza kuondolewa siku moja bila kuacha jeraha. Ombi la idhini hiyo halina ada. Zungumza na ofisa wa urithi wa halmashauri mapema. Atakwambia anachokihofia kabla hujalipa mchoraji.

Hatua ya 3: Eneo la hifadhi na Kifungu cha 4

Kuna maeneo ya hifadhi kama 10,000 England nzima, conservation areas kwa jina la kwenye ramani za halmashauri. Hapa ndipo penye uvumi mwingi kuliko pote. Utaambiwa kwamba ukikaa kwenye eneo la hifadhi huwezi kuweka sola mbele ya nyumba. Si kweli. Kanuni inakataza paneli kwenye *ukuta* unaotazama barabara. Paa la mteremko linalotazama barabara halikukatazwa, maadamu vipimo vya hatua ya 4 vimetimizwa. Mwenye paa linaloelekea kusini upande wa mtaani hana sababu ya kujinyima jua kwa sababu ya maneno ya jirani. Ila ukutani kuwa mwangalifu zaidi: neno barabara katika sheria hii linabeba hata njia ya umma ya waenda kwa miguu, ile inayopita ubavuni mwa nyumba yako.

Kinachoweza kubadili jibu ni amri ya Kifungu cha 4, Article 4 Direction. Kwa amri hiyo halmashauri huondoa haki fulani katika mtaa fulani, au hata nyumba fulani tu. Ndiyo maana nyumba mbili zinazopakana zinaweza kuwa na majibu mawili tofauti. Tafuta kwenye tovuti ya halmashauri yako kwa maneno hayohayo ya Kiingereza, fungua ramani, kisha soma amri yenyewe, maana amri nyingi hugusa madirisha, milango na rangi bila kuitaja sola. Angalia pia kibali cha awali cha nyumba yenyewe kama ni mpya: wakati mwingine halmashauri iliruhusu mtaa ujengwe kwa sharti kwamba haki hizi zifutwe.

Hatua ya 4: Chukua futi ya kupimia

Sasa tumefika kwenye vipimo vya paa la kawaida. Vimo katika amri ya mwaka 2015 ya maendeleo yanayoruhusiwa, Jedwali la 2, Sehemu ya 14. Vinahusu paneli za umeme na pia zile za kuchemsha maji.

Kwenye paa la mteremko au ukutani, paneli zisitokeze zaidi ya sentimita 20 kutoka kwenye uso wa paa au ukuta. Kipimo ni cha moja kwa moja kutoka kwenye vigae, pembe ya nyuzi 90 na mteremko, si kutoka chini kwenda juu. Paneli ya siku hizi ina unene wa sentimita 3 hadi 4. Ongeza reli na vishikio vinavyopita chini ya vigae, na kwa kawaida jumla inabaki chini ya 15. Anayevuka 20 ni yule anayeinua paneli kwa fremu ili kuzigeuza zielekee jua vizuri kuliko paa lenyewe. Fundi akipendekeza fremu ya kuinua kwenye paa la mteremko, mwambie akuandikie kipimo hicho kwenye mchoro wake.

Pia hakuna sehemu ya paneli inayoruhusiwa kupita sehemu ya juu kabisa ya paa, na bomba la moshi halihesabiwi kama sehemu ya paa.

Kisha kuna masharti mawili ambayo watu huyasahau kwa kuwa hayana namba. Paneli ziwekwe, kadiri inavyowezekana, pale zitakapopunguza athari kwa sura ya jengo na kwa mandhari ya mtaa. Na zikishaacha kutumika ziondolewe. Sharti la kwanza halikulazimishi kuzipeleka kwenye paa la kaskazini lisilopata jua. Lakini kama pande mbili zinatoa umeme unaolingana, chagua ule usioonekana.

Hatua ya 5: Paa bapa na bustani

Paa bapa lilikuwa tatizo hadi Desemba 2023, kwa sababu paneli zake lazima ziinuliwe kidogo ndipo zifanye kazi na maji ya mvua yazisafishe. Tangu mabadiliko ya mwezi huo, zinaweza kufika sentimita 60 juu ya sehemu ya juu ya paa. Nyumba ikiwa kwenye eneo la hifadhi, hifadhi ya taifa au ardhi nyingine inayolindwa kwa mandhari yake, lazima kwanza uiombe halmashauri iamue kama inataka kuidhinisha muonekano. Ni ombi jepesi kuliko kibali kamili, lakini usianze kazi kabla ya jibu.

Bustani ni habari nyingine, na hapa ningependa usome polepole. Sheria inaruhusu seti moja tu ya paneli za kusimama ardhini kwa nyumba. Isizidi urefu wa mita 4 kwenda juu, isikae ndani ya mita 5 kutoka mpaka wa kiwanja, eneo lake lisizidi mita za mraba 9, na upande wake wowote usizidi mita 3. Mita za mraba 9 zinasikika nyingi. Paneli ya wati 440 iliyo sokoni ina kama mita 1.76 kwa 1.13, yaani mita za mraba 2, kwa hiyo mtu hupiga hesabu ya haraka akapata paneli nne. Sasa zipange. Mbili zikisimama ubavu kwa ubavu zina upana wa mita 2.26: sawa. Ukiweka safu ya pili juu yake, urefu unakuwa mita 3.52: umevuka. Ukiongeza ya tatu pembeni, upana unakuwa 3.39: umevuka tena. Kwa mpangilio huo wa kawaida zinaingia mbili. Wati 880 haziwezi kubeba nyumba ya familia, na ndiyo sababu anayetaka sola ya maana bustanini karibu kila mara huomba kibali kamili. Halafu ile mita 5 kutoka mpakani inaziondoa bustani nyingi za mjini moja kwa moja.

Kumbuka kwamba paa la gereji au banda lako la nyuma halihesabiwi kama ardhi. Linafuata kanuni za hatua ya 4, au zile za paa bapa kama ni bapa, na mara nyingi ndilo jibu bora kwa mtu ambaye paa lake kuu lina kivuli cha mti.

Hatua ya 6: Pata uthibitisho wa maandishi kama kuna shaka

Ikiwa majibu yote mpaka hapa ni safi, sheria haikulazimishi kumwambia mtu yeyote wa mipango. Lakini kama uko kwenye eneo la hifadhi, au mtaa wako una amri ya Kifungu cha 4 isiyoeleweka, omba cheti cha uhalali, Lawful Development Certificate. Ada yake ni nusu ya ada ya ombi la kawaida. Mimi naona ni pesa iliyotumika vizuri, kwa sababu jibu la simu la mtu wa kaunta halimfungi mtu, na cheti kinaifunga halmashauri.

Hatua ya 7: Kama kibali kinahitajika

Ombi hupitia tovuti ya Planning Portal, nayo hulipeleka kwa halmashauri yako. Kwa nyumba isiyo fleti, chagua ombi la mwenye nyumba (householder application), si ombi kamili, maana ada na makaratasi yanatofautiana. Utahitaji ramani ya mahali, kwa kawaida ya kipimo cha 1:1250, yenye mstari mwekundu kuzunguka kiwanja chako na alama ya kaskazini. Michoro ya paa na kuta ilivyo sasa na itakavyokuwa. Na karatasi za kiwandani zinazoonyesha vipimo na rangi ya paneli. Ramani isiyo na kipimo sahihi ndiyo hurudisha maombi mengi kabla hata hayajasomwa, kwa hiyo inunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa, usipige picha ya skrini.

Andika pia maelezo mafupi, ukurasa mmoja unatosha. Eleza kwa nini umechagua upande huo wa paa, paneli zitaonekana kutoka wapi, na umefanya nini kupunguza athari: paneli nyeusi tupu zisizo na fremu ya fedha, kuzipanga kwa mstari ulionyooka, kuacha nafasi sawa pembeni. Weka picha zilizopigwa kutoka barabarani. Ofisa anayesoma ombi lako hajawahi kusimama mbele ya nyumba yako, na picha nzuri humjibu maswali ambayo angekuandikia barua kuyauliza.

Majirani hupewa siku 21 kutoa maoni. Waone kabla ya barua kuwafikia. Mtu aliyeelezwa uso kwa uso mara nyingi hapingi. Uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya wiki 8. Ukikubaliwa, una miaka 3 ya kuanza kazi. Ukikataliwa, soma sababu, kisha mpigie ofisa: mara nyingi mpango uliopunguzwa unapita. Vinginevyo rufaa huenda kwa Planning Inspectorate, ofisi ya serikali inayosikiliza rufaa za mipango, ndani ya wiki 12, bila ada. Rufaa ya idhini ya jengo la kihistoria ina miezi 6.

Wapo watakaokushauri uweke kwanza, uombe baadaye. Tangu Aprili 2024 muda wa halmashauri kuchukua hatua dhidi ya ujenzi usio na kibali ni miaka 10, badala ya ile minne iliyokuwa zamani kwa kazi za namna hii. Ni muda mrefu wa kulala na wasiwasi.

Hatua ya 8: Ruhusa zisizo za mipango miji

Kibali cha mipango kinaangalia sura. Usalama una ofisi nyingine. Kanuni za ujenzi zinataka paa liwe na nguvu ya kubeba mzigo: paneli kumi za kilo 22 ni kilo 220 kabla ya reli, na upepo unaoziinua ni nguvu nyingine tena. Fundi lazima apande darini akague mbao, si kutazama picha ya setilaiti. Umeme wenyewe nao unakaguliwa chini ya kanuni hizo. Fundi aliyesajiliwa kwenye mpango kama NICEIC au NAPIT anajithibitishia kazi yake na kukuletea cheti. Asiyesajiliwa itabidi uiite ofisi ya ujenzi ya halmashauri na ulipie ukaguzi.

Mwenye nyaya za mtaani naye lazima ajue, na huyu si kampuni inayokuletea bili. Sehemu kubwa ya London na sehemu ya kusini-mashariki, kwa mfano, ni UK Power Networks. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, isiyozidi kilowati 3.68 kwa fezi moja hufungwa kwanza, kisha taarifa inapelekwa ndani ya siku 28, chini ya kanuni ya G98. Ikizidi hapo ni G99: unaomba, unasubiri, ndipo unafunga. Kinachohesabiwa ni inveta, hivyo paneli za kilowati 4.4 kwenye inveta ya 3.68 bado ziko G98. Betri yenye inveta yake huongezwa kwenye hesabu, na hapo ndipo mfumo uliokuwa mwepesi unahamia G99 bila mwenye nyumba kutambua. Muulize fundi ni ipi kati ya hizo mbili, na nani anapeleka fomu.

Mwisho, darini. Popo wote wanalindwa England, na makazi yao yanalindwa hata wakiwa wameondoka. Ukiona vinyesi vidogo vyeusi vinavyovunjika kama vumbi, simamisha kazi na utafute mtaalamu. Kiota cha ndege kinachotumika nacho hakiguswi.

Hatua ya 9: Faili moja la karatasi

Chagua fundi mwenye cheti cha MCS, mpango unaothibitisha ubora wa mafundi na vifaa vya sola. Bila hati ya MCS, kampuni nyingi za umeme hazitakulipa kwa umeme unaourudisha kwenye gridi chini ya mpango wa Smart Export Guarantee ulioanza Januari 2020. Hakikisha pia bei uliyopewa haina VAT: kwa nyumba za kuishi kodi hiyo ni sifuri hadi 31 Machi 2027, na betri nayo imo.

Kazi ikiisha, kusanya cheti cha MCS, cheti cha kanuni za ujenzi, cheti cha umeme, barua ya mwenye nyaya, na kibali au cheti cha uhalali kama ulikiomba. Ijulishe bima ya nyumba. Wakili wa mnunuzi atavidai vyote siku utakapouza, na fundi aliyefunga biashara hataweza kukutolea nakala.

Wewe ukiwa ndiye mnunuzi wa nyumba yenye paneli tayari, uliza kwanza kama zinamilikiwa na nyumba. Kati ya mwaka 2010 na 2019, wakati wa ruzuku ya zamani, kampuni nyingi zilikodi mapaa ya watu kwa miaka 25: mwenye nyumba alipata umeme wa mchana, kampuni ikapata ruzuku. Mkodisho huo unahamia kwako pamoja na nyumba, na baadhi ya wakopeshaji hawaukubali, kwa hiyo mwambie wakili wako autafute kwenye hati kabla hujalipia ukaguzi wa nyumba.